Nilimsifu mgeni kwa moyo wangu wote, kumbe nimemchoma

Kwako Mwalimu,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa miaka 46, nafanya kazi katika gesti moja ya vyumba vinane hapa Kisumu, upande wa Milimani. Napika, natandika vitanda nikisaidiana na msichana mmoja, na kwa kuwa mwenye gesti anaishi Nairobi, mimi ndiye ninayewapokea wageni na kuwaaga. Kazi hii nimeifanya miaka tisa na naipenda.

Mwezi uliopita tulipata wageni wawili kutoka Marekani, mume na mke, watu wazima wenye wajukuu. Walikaa siku 12. Mume alikuwa na shughuli za mradi wa maji kule Nyakach, akitoka asubuhi na kurudi jua likizama. Mke alibaki. Siku ya kwanza alikaa barazani na kitabu chake. Siku ya pili akaja jikoni, akanikuta napara ngege, samaki wa ziwani. Hakuuliza kitu. Alivua pete yake ya ndoa, akaiweka juu ya kopo la chumvi, akaomba kisu.

Tangu siku hiyo hatukuachana. Nilimfundisha kusonga kuon, yaani ugali, unga ukamrukia mpaka kwenye nyusi. Tulichambua osuga na dek, mboga zetu za kienyeji, pamoja, yeye kwenye kigoda, miguu ameinyoosha kama mama yeyote wa Kano hapa kwetu. Alinionyesha picha za wajukuu wake, nami nikamsimulia habari za marehemu mume wangu, jambo ambalo huwa sisimulii wageni. Tulilia kidogo, tukacheka, mboga ikaungua.

Siku ya kuondoka nilinunua kadi mjini na kuiandika usiku kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Nilimwandikia kwamba yeye ni mwanamke "homely" sana, kwamba kwa miaka yote hii sijaona mgeni "homely" kama yeye, na kwamba mume wake ana bahati. Asubuhi nikampa akiwa anakunywa chai, nikasimama kando nikingoja anikumbatie.

Alisoma mara moja. Akarudia. Uso wake ukabadilika mbele ya macho yangu. Akaifunga kadi polepole, akaiweka mezani, akasema asante bila kuniangalia. Mayai hawakumaliza. Teksi ilipokuja alinipa mkono tu. Kadi niliikuta pale pale, pembe moja imelowa chai chini ya sahani.

Nilidhani ni huzuni ya kuagana. Baada ya siku tatu mwenye gesti akanipigia simu: "Ulimwandikia nini yule mama?" Mume alikuwa amemtumia barua pepe akisema walihudumiwa vizuri, ila mke wake ameumizwa na kadi ya mpishi. Kijana wangu aliyeko chuoni Maseno ndiye aliyenieleza kwamba huko Marekani ukimwambia mtu hivyo umemwambia hana sura. Mwalimu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shuleni tulifundishwa kwamba "homely" ni mtu mkunjufu, mwenye kupenda nyumba, asiye na makuu. Hata ubao wetu langoni umeandikwa neno hilohilo mara mbili, kwa vyumba na kwa vyakula. Je, miaka yote hii tumekuwa tukijitangaza kwamba vyumba vyetu ni vibaya? Nani yuko sahihi, mwalimu wangu au mwanangu?

Nataka kumwomba msamaha huyo mama, lakini mwenye gesti amenikataza. Anasema nikiandika tena kwa Kiingereza changu nitaharibu zaidi. Tangu hapo wageni wakija namtuma msichana aongee nao, mimi najificha jikoni. Nifanye nini?

Mama wa Jikoni, Kisumu

Dada yangu,

Kwanza tua huo mzigo. Hukukosea Kiingereza. Mwalimu wako yuko sahihi na mwanao yuko sahihi, na huyo mama wa Marekani naye aliumia kwa haki, kwa sababu alisoma neno kama linavyosomwa kwao. Uliandika kwa Kiingereza cha Uingereza, kikasomwa na jicho la Marekani. Kati ya nchi hizo mbili kuna bahari, na neno hili ni mojawapo ya yale yaliyobadilika njiani.

Najua hili kwa sababu nami lilinifika, tena nikiwa mwalimu wa Kiingereza. Miaka mingi iliyopita, katika shule moja nje ya Nakuru, tulikuwa na kijana wa kujitolea kutoka Marekani aliyetusaidia kusahihisha insha. Siku moja saa ya chai mvulana wa kidato cha pili alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu, daftari mkononi, machozi yanamlengalenga. Alikuwa ameandika juu ya mama yake. Sentensi ya kwanza ilisema mama yake ni mwanamke "homely" na anapendwa na kijiji kizima. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na maneno ya kumwonya kwamba si vizuri kumsema mzazi namna hiyo. Mvulana aliniuliza, "Mwalimu, nimemsema vipi?" Sikuwa na jibu. Nilimwita yule kijana, tukafungua kamusi mbili mezani, yake na yangu, katikati ya vikombe na mandazi. Yake ilisema jambo moja na yangu jingine. Alikuwa mtu mwema. Alimfuata mvulana hadi darasani akamwomba radhi mbele ya wenzake, kisha akachukua kalamu akaifuta ile alama. Nimelikumbuka daftari lile tangu niliposoma barua yako.

Sasa tulifungue neno lenyewe, maana ukilielewa litaacha kukutisha.

Kiingereza kina tabia ya kuchukua jina na kulipachika "-ly" mwishoni ili kupata kivumishi. Kutoka kwenye rafiki unapata "friendly", kutoka kwenye mama unapata "motherly", kutoka kwenye ndugu unapata "brotherly". Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa "ki" ya mwanzo: kirafiki, kimama, kindugu. Hiyo "-ly" asili yake ni neno la zamani lenye maana ya mwili au umbo, na ndilo lililozaa pia "like", yaani kama, mfano wa. Kwa hiyo "homely" kwa mifupa yake ni kitu chenye umbo la nyumbani. Kinyumbani. Ndivyo lilivyoingia katika maandishi karne ya 14. (Wanafunzi wangu walikuwa wakidhani kila neno lenye "-ly" ni kielezi, wakaandika kwamba mtu "alizungumza friendly". Ukiona binti yeyote nyumbani anaandika hivyo, msahihishe.)

Lakini fikiria vitu vya nyumbani. Kuna moto, kuna chakula, kuna mtu anayekungoja. Pia kuna leso ya kazi iliyochakaa, kikombe kisicho na mkono, ugali bila nyama. Vya nyumbani ni vya upendo, na ni vya kawaida, visivyopambwa. Waingereza wa kale waliliona neno kwa pande zote mbili, na haikuchukua muda wakaanza kulitumia kwa uso wa mtu: uso wa kawaida, usiopambika. Kufikia 1634, mshairi John Milton alipoandika mchezo ulioigizwa katika ngome ya Ludlow, alimpa mhusika mwovu anayemrubuni binti maneno kwamba sura "homely" ndizo zinazofaa kukaa nyumbani, maana jina lao limetoka huko. Ona jinsi tusi lilivyokuwa tayari limeshatengenezwa, na hapo ni Uingereza kwenyewe, si Marekani. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, iliyochapwa London, nayo ililieleza neno kwa maana za kutopendeza na kutokuwa laini.

Miaka hiyohiyo ya Milton, Waingereza walikuwa wakivuka bahari kwenda kuishi Amerika, wakabeba neno likiwa na pande zake mbili. Huko Marekani upande wa uso ndio uliokua. Kamusi ya Noah Webster ya 1828 inaanza na maana ya sura isiyo nzuri, na kuongeza kwamba neno hili ni jepesi kuliko "ugly". Abraham Lincoln, rais wao wa 16, alielezwa hivyo na watu wengi wa zama zake, hata waliompenda. Yale ya joto la nyumbani Wamarekani wakayahamishia kwenye neno jingine lenye "e" katikati, "homey". Uingereza mambo yakaenda kinyume: maana ya uso ikafifia, ile ya joto ikabaki. Mwingereza akikuambia mkahawa wako ni "homely" amekusifu, na akisema mama mwenye nyumba alikopanga ni "homely" amemwona mtu mkunjufu asiye na maringo.

Kisha Waingereza hao, wenye kulitumia kwa maana ya joto, ndio waliokuja huku kujenga shule, wakatuachia vitabu vyao na mitihani yao. Ndiyo maana mwalimu wako alikufundisha alivyokufundisha, nami nikamfundisha yule mvulana vivyo hivyo. India nayo ilitawaliwa na Waingereza, na huko neno likaongezewa kazi ya tatu: katika matangazo ya kutafuta wachumba, binti "homely" ni yule anayejua mambo ya nyumba na familia. Ukimwita hivyo mama Mhindi wa mjini kwenu, huenda akakuongezea chai.

Usidhani ni Kiingereza peke yake chenye mambo haya. Chukua neno letu "mjanja". Mama wa Kondele akisema mtoto wake wa miaka mitatu ni mjanja, anajivuna. Akisema muuza omena ni mjanja, angalia vizuri gorogoro yake, lile kopo la kupimia. Au chukua lile tunalowaambia watu kila Krismasi wakirudi kutoka mjini: "Umenona!" Kwa nyanya yangu hiyo ilikuwa dua iliyojibiwa. Mwambie hivyo binti wa leo anayeamka saa kumi na moja kukimbia, uone kama atakula chakula chako. Neno ni lile lile. Aliyelipokea ndiye tofauti.

Wewe mwenyewe, kwa lugha ya mama, unajua uzito wa nyumbani kuliko wengi. Mjaluo anaweza kujenga nyumba ya ghorofa Nairobi na bado akaulizwa dala yake, yaani nyumbani kwake, iko wapi. Tulioishi miaka hiyo tunakumbuka kesi ya mahali pa kumzika wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mawakili walibishana mahakamani kwa wiki nyingi, na kati ya walivyopima kimoja kimoja ni tofauti ya kuwa na nyumba na kuwa na nyumbani. Alizikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Nalitaja hili kwa sababu naamini ndilo lililokuwa moyoni mwako ulipoishika ile kalamu. Hukuwa unazungumzia sura ya mtu. Ulikuwa unamwambia mgeni kwamba amekuwa mtu wa dala. Hakuna sifa kubwa zaidi ambayo ungeweza kumpa, na ndiyo maana nasikitika sana kwamba haikumfikia.

Basi tuje kwenye swali lako zito. Mwandikie.

Namwelewa mwenye gesti. Anaogopa jina la biashara, na mtu mwenye hofu hupenda kunyamaza akidhani kunyamaza ni kuzima moto. Lakini fikiria huyo mama anajua nini sasa hivi. Anajua kwamba mwanamke aliyelia naye jikoni, aliyempa kigoda chake, alimngoja siku ya mwisho akamwandikia kwamba ni mbaya wa sura, tena akarudia, tena akamtaja mume wake. Kila picha aliyopiga jikoni kwako sasa ina kivuli hicho. Mkimnyamazia, mmemwachia maana hiyo moja tu maisha yake yote. Kawaida mimi huwaambia watu wanaoomba radhi wapunguze maelezo, kwa kuwa maelezo mengi hugeuka utetezi. Hapa ni tofauti. Hapa maelezo ndiyo dawa yenyewe, ila yawe sentensi mbili. Usimtumie picha ya kamusi. Usimweleze habari za Milton. Hizo ni zako na zangu.

Usimzunguke mwajiri wako pia. Anwani ya wageni anayo yeye, na hata kama ungeipata kwingine, akigundua atakuwa na sababu ya haki ya kukasirika. Mpigie ukiwa na barua tayari. Mwambie: nimeiandika, nakusomea, ukiona neno baya tulitoe, kisha uitume wewe. Mtu anayekataa jambo la hewani mara nyingi hukubali likiwa karatasini mbele yake. Na mwambie mwanao wa Maseno aipitie kwanza, maana ameshaonyesha anajua.

Nimekuandikia mfano kwa Kiswahili. Utautia kwenye Kiingereza chako mwenyewe, kwa sentensi fupi kama hizi:

"Mama mpendwa, nimejifunza juzi tu kwamba neno nililoliandika kwenye kadi lina maana nyingine kwenu. Kenya tulifundishwa Kiingereza cha Uingereza, na kwetu neno hilo ni mtu anayekufanya ujione uko nyumbani. Nimeumia kujua lilivyokufikia, na nakuomba msamaha. Nilichotaka kukuambia ni hiki. Siku ya pili ulivua pete yako, ukaiweka juu ya kopo la chumvi, ukapara samaki pamoja nami. Hakuna mgeni mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Nilipokusimulia habari za mume wangu uliacha kuchambua mboga, ukanishika mkono. Kigoda chako bado kiko pale pale karibu na mlango."

Angalia kitu kimoja katika barua hiyo: haina hata kivumishi kimoja cha kumsifu. Nimeviondoa kwa makusudi. Kivumishi ni kama shati la kununuliwa bila kupimwa, unakisia tu kwamba litamkaa mtu. Pete juu ya kopo la chumvi haina Uingereza wala Marekani. Akiisoma atajiona yuko pale jikoni kwako, na atajua ulikuwa unamtazama kwa macho gani.

Usiandike "kama nilikukosea". Unajua aliumia, mume wake amesema. Na nakuomba sana, usibadilishe neno lile kwa "simple". Najua linavyokuja haraka: huku kwetu tunasema mtu ni "simple" tukimaanisha hana makuu, lakini kwa Kiingereza cha wenyewe, Mwingereza na Mmarekani, mtu akiitwa hivyo inaweza kueleweka kwamba akili yake haijakamilika. Utakuwa umetoka kwenye shimo ukaingia kisimani.

Iandike kwa mkono wako kwenye kadi mpya, ipige picha kwa simu, na mwenye gesti aiambatanishe kwenye barua pepe. Mwandiko ule ule uliomuumiza ndio umrudie ukiwa na maneno haya. Barua iliyopigwa chapa atadhani imetungwa na ofisi.

Ubao wa langoni hauna kosa lolote. Wanaoupita ni Wakenya, Waganda, watu waliosoma kama wewe, na kwao maneno yale yanasema mnalotaka kusema. Uacheni mpaka rangi ichakae yenyewe. Kwenye mtandao, ambako Mmarekani anachagua chumba akiwa bado kwao, nisingeliacha. Huko "homely" kwenye chumba anaweza kulisoma kama chumba duni, kisicho na mvuto. Na msikimbilie kuandika "homey" ili kumfurahisha, maana Mkenya atadhani mmekosea herufi. Andikeni vilivyopo: ngege wa siku hiyo kutoka ziwani, chapati za moto, vyandarua vipya, maji moto asubuhi. Kama mmeandika kwamba vyumba ni "cheap", hilo nalo toeni, maana linabeba harufu ya kitu hafifu. Wekeni bei kwa tarakimu.

Kuna jingine utakalokutana nalo, hili la kukufurahisha. Ukimwambia mgeni kwamba amependeza, ni "smart", Mwingereza atanyoosha koti lake. Mmarekani atadhani umemsifu akili. Wote wawili watacheka, kwa hiyo hilo liendelee tu.

La mwisho ni la huyo msichana unayemtuma kwa wageni. Anaweza kubeba masanduku, lakini miaka yako tisa hawezi kuibeba. Huyo mama wa Marekani hakuja jikoni siku ya pili kwa sababu ya sarufi yako. Alikuja akakuta mtu. Mgeni wa kwanza atakayefika wiki hii, mpokee mwenyewe, kwa Kiingereza kile kile, na ukishindwa na neno mwonyeshe unachomaanisha. Akikusifu kwa neno usilolielewa, muulize linamaanisha nini kwao. Watu hupenda kuulizwa hivyo.

Mpigie mwenye gesti leo jioni, kabla ujasiri haujapoa. Akikataa hata baada ya kuisoma, niandikie tena tutafute njia. Akikubali, niandikie pia, nijue yule mama alijibu nini.

Mwalimu, Nakuru